Maswali ya Wasomaji: Elki, Myuldia na Kazi ya Kuitoa Nyama Mlimani

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza uwindaji wa milima ya Rocky kule Marekani, na mimi sishangai, maana Wakongo na Waswahili wengine wengi siku hizi wako Idaho, Montana, Colorado, Utah, na kila ikifika Septemba wanaona majirani wanapakia magari alfajiri wanarudi na nyama ya kujaza friza. Nimechagua chache. Pale nilipoona mtu anaweza kuumia au kuingia matatani nimeandika kirefu, kwingine nimepita haraka.

Kwa asiyewajua hawa wanyama, elki ni kulungu mkubwa sana, dume linafika kama kilo 320 na jike kama 225, shingo ya kahawia iliyokoza na matako rangi ya krimu. Myuldia ni mdogo, masikio makubwa mno kwa kichwa chake, mkia mwembamba mweupe wenye ncha nyeusi. Pembe za wote wawili zinaanguka kila mwaka zinaota tena, tofauti na swala na pofu wa kwetu ambao pembe ni ya maisha.

Jambo mukubwa. Mimi niko Boise, tulitoka Kivu tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi ndo tukaletwa huku. Wenzangu wa kazi wanasema twende tuwinde lakini mimi naogopa, mkimbizi anaweza kushika bunduki kweli? Si wataniharibia karatasi? Na mtoto wa dada yangu yeye ni mwanafunzi wa chuo ana viza, naye anataka kuja.

Jambo ndugu yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla, wengine wanauliza wakishakamatwa. Sheria ya shirikisho inawakataza bunduki watu walioko Marekani bila kibali, na kwa kawaida inawakataza pia wale wa viza za muda kama wanafunzi na watalii. Wewe uliyepokelewa rasmi kama mkimbizi haumo kwenye makundi hayo mawili, na mwenye grinikadi pia hayumo. Lakini kuna mengine yanayomfunga mtu yeyote hata raia, kama hukumu ya kosa kubwa la jinai, hukumu ya kumpiga mke au mume, na matumizi ya dawa za kulevya, na hapa kwenye bangi watu wanajidanganya sana, dukani Colorado inauzwa wazi lakini sheria ya bunduki ni ya shirikisho na yenyewe haijali duka la Colorado limeruhusiwa na nani.

Huyo mwanafunzi ana mlango mmoja, sheria inamtoa kwenye katazo mtu wa viza ya muda akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Ila asiguse bunduki kwa sababu mimi nimeandika hivi kwenye gazeti, aende kwa mwanasheria wa uhamiaji aonyeshe viza yake aambiwe ndiyo au hapana. Mpaka hapo anaweza kuja nanyi kubeba maji na kuangalia kwa darubini, na nawaambia ukweli darubini ndo nusu ya kazi yenyewe.

Karatasi za Idaho sasa. Kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada ya hapo lazima awe na cheti cha kozi ya uwindaji, na kama hujawahi kuwinda kabisa kuna kibali cha mwaka mmoja cha kujaribu ukiwa na mtu mzima mwenye leseni pembeni yako. Halafu unahitaji leseni, na juu ya leseni unahitaji tagi, yaani kibali cha mnyama mwenyewe, tagi moja mnyama mmoja. Ukishakaa Idaho miezi sita unanunua kwa bei ya mkazi, na hiyo tofauti ni kubwa, kule Colorado kwa mfano mgeni analipa zaidi ya dola 700 kwa elki mmoja wakati mkazi hafikishi hata 100.

Na hili nakuomba uwaambie wote mnaosali nao: nyama ya mnyama wa porini haiuzwi. Unaweza kula, unaweza kumpa jirani bure, unaweza kuigawa kwenye harusi, lakini ukipokea hata dola kumi umefanya kosa, na ukivusha mpaka wa jimbo nyama iliyopatikana au kuuzwa kinyume cha sheria linakuwa la shirikisho chini ya sheria ya Lacey ya mwaka 1900. Kwetu nyama ya pori ni biashara ya kawaida ya mama sokoni kwahiyo mtu anafanya bila ubaya wowote moyoni. Huku majimbo yana mkataba wao, ukinyang'anywa leseni moja wanakunyang'anya na kwingine. Kwa mtu anayesubiri uraia sidhani kuna nyama tamu ya kufikia hasara hiyo.

Mhariri, mimi niko Nakuru. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na tumeambiwa ndo njia ya kulinda wanyama. Sasa Marekani kila mtu anaua na bado wanyama wako. Imekaaje hiyo?

Imekaa hivi, nao walishawamaliza. Mwanzoni mwa karne ya 20 Colorado ilikuwa imebakiza elki wachache kwa sababu ya uwindaji wa kuuza, wakawindwa kulisha migodi na miji, ikabidi waletwe wengine kutoka Wyoming kwa treni na uwindaji ukafungwa kwa miaka mingi. Leo jimbo hilo linakadiriwa kuwa na elki zaidi ya 280,000, hakuna jimbo lingine linalolifikia. Kilichobadilika ni kwamba soko lilifungwa, idadi ya tagi inapangwa kila mwaka kwa kila eneo kufuatana na hesabu ya wanyama, na mwaka 1937 ikapitishwa sheria ya Pittman-Robertson, kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi ambayo hela zake zinarudi majimboni kutunza wanyama na makazi yao.

Mimi siamini unaweza kuubeba mfumo huo ukaupandikiza Nakuru. Colorado watu ni wachache na nusu ya milima ni misitu ya umma ambayo mtu yeyote anaingia bila kumlipa mtu. Lakini kuna jambo moja naliona zuri na nalisema bila kuficha, huko mnyama anahesabiwa ni wa wananchi wote, fundi bomba na mpishi wa hotelini wanaingia kwenye droo ileile ya tagi na daktari. Tanzania uwindaji wa leseni upo kisheria na mkazi anaweza kuomba, ila muulize mtu wa kijijini jirani na pori kama amewahi kuiona hiyo leseni.

Shikamoo mzee. Mimi na shemeji yangu tuko Greeley, Colorado. Mwaka jana tulipata tagi ya elki ya Oktoba, tukaanza kupanda saa tatu asubuhi tukatembea mpaka jioni, tukaona mavi na nyayo tu. Si wanasema wamejaa? Na mbona kichwa kilituuma siku nzima wakati sisi watu wa Arusha baridi tumeizoea?

Marahaba wanangu. Nianze na kichwa. Ile haikuwa baridi, ni hewa nyepesi. Arusha mjini iko kama mita 1,400 na Greeley ni hivyohivyo karibu, ila elki wa Oktoba mara nyingi mnamfuata kwenye mita 2,700 mpaka 3,400, yaani mmetoka nyumbani usiku na asubuhi mko kati ya vibanda vya Mandara na Horombo vya Kilimanjaro, na Kilimanjaro watu wanapanda kwa siku kadhaa makusudi. Nendeni siku mbili kabla, laleni kwenye mji wa juu kidogo, kunyweni maji mengi, pombe iacheni. Kichwa kikizidi na mtu akaanza kutapika au kuyumba mteremsheni, hakuna dawa nzuri kuliko kushuka.

Sasa elki. Saa tatu asubuhi mlikuwa mmechelewa sana. Colorado inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, na elki anafanya maisha yake kwenye kingo hizo mbili. Usiku anakula kwenye nyasi za wazi, mwanga ukija anarudi kwenye msitu mnene wa upande wa kaskazini wa mlima, kwenye kivuli, anajilaza anacheua, na hapo hata ukipita mita hamsini humuoni. Kwahiyo inabidi kabla hakujakucha mko tayari mmekaa mahali mnaona nyasi na ukingo wa msitu kwa pamoja. Mmekaa, hamtembei. Watu wengi wanafikiri kuwinda mlimani ni kutembea sana, hapana, kutembea ni usiku wa kwenda na kurudi, mchana ni macho na darubini.

Halafu upepo. Hili ningetaka lichapishwe kwa herufi kubwa. Elki akikuona anaweza kusita akakuangalia, akikusikia anaweza kudhani ni elki mwenzake maana wenyewe wana kelele kweli wakitembea, lakini akikunusa kundi zima linaondoka na haliendi bonde la pili, linaenda kilomita kadhaa. Na upepo wa mlima una ratiba yake siku ikiwa tulivu. Alfajiri hewa ni baridi na nzito, inateremka bondeni, kwahiyo ukimkaribia kutokea chini harufu yako inabaki nyuma yako. Jua likishapiga mteremko ikawa kama saa tatu, saa nne, hewa inapata joto inaanza kupanda, sasa wewe uliye chini unamtumia harufu yako moja kwa moja puani, hapo unatakiwa uwe umeshahamia juu yake au pembeni. Jioni jua likiondoka inageuka tena. Nyinyi mlianza kupanda kutoka chini saa tatu, saa ileile hewa inapogeuka, kila elki wa upande ule alijua mmefika kabla hamjamaliza chai. Bebeni kichupa cha unga laini, puliza kidogo kila baada ya dakika chache uangalie unaelekea wapi.

Oktoba pia inawafanya wanyamaze. Msimu wao wa kupandana ni Septemba mpaka siku za mwanzo za Oktoba, ndo unasikia dume linapiga ile sauti inayoanza chini inapanda inakuwa kama filimbi, ukiisikia mara ya kwanza bondeni kukiwa na giza nywele zinasimama. Wawindaji wa upinde wanaitumia, wanaiga jike au dume jirani na lenyewe linakuja. Bunduki za Oktoba zikishaanza kulia wanahama kwenda misitu mibaya kabisa yenye miti iliyoanguka, au kwenye mashamba ya watu binafsi, na shambani usiingie bila ruhusa ya mwenyewe hata kama mnyama uliyempiga amekimbilia humo. Tafuteni ramani ya simu inayoonyesha mipaka ya ardhi ya umma na muipakue kabla, mtandao huko hakuna.

Myuldia ni hadithi nyingine. Yeye anategemea macho na masikio, na anapenda mahali anapoona mbali. Kiangazi madume yanakaa juu kabisa karibu na miti inapoishia, theluji ikianguka wanashuka kwenye maeneo makavu ya vichaka vya sejibrashi, na safari zao ni za ajabu, Wyoming walimfunga jike mmoja kola ya kumfuatilia wakampa namba 255 na mwaka 2016 wakamkuta amesafiri maili 242, kutoka Red Desert mpaka Island Park, Idaho. Kupandana kwao ni Novemba, hapo hata dume kubwa la kujificha linasahau linatembea mchana. Ukimshtua anaruka miguu yote minne pamoja kama ana springi, na mara nyingi akifika juu ya tuta anasimama kugeuka kukuangalia. Usifyatue kwa haraka kwenye hilo tuta, risasi ikipita inaenda usikokujua.

Kitu cha mwisho kwenu, someni tagi yenu mstari kwa mstari. Maeneo mengi ya Colorado dume la elki lazima liwe na ncha 4 za pembe upande mmoja au ile ncha ya mbele ya pembe ifike inchi 5. Na kuna muzi pia kwenye milima hiyohiyo, mkubwa kuliko elki, mweusi zaidi, pua nene iliyoning'inia, pembe za dume pana kama sinia, na wapo watu wanaompiga wakidhani ni elki. Kama hujauona mwili mzima vizuri, usipige.

Bunduki gani ninunue? Na lazima kweli nivae hiyo rangi ya chungwa, mnyama si ataniona? (Msomaji, Denver)

Bunduki ya saizi ya risasi .270, .308, .30-06 au 6.5 Creedmoor, yoyote kati ya hizo inatosha kwa elki na myuldia. Sheria ya Colorado inataka kipenyo kisipungue inchi .24 na kwa elki kichwa cha risasi kisipungue uzito wa greni 85, kama gramu 5.5. Ila pesa iliyobaki usinunue lenzi ya kifahari, nunua risasi za mazoezi, upige ukiwa umekaa, umepiga magoti, umeegemea begi, baada ya kukimbia mapigo ya moyo yakiwa juu. Umbali wako ni ule ambao kila risasi inaingia kwenye sahani, basi. Lenga nyuma ya bega akiwa amesimama kakupa ubavu, chini ya katikati ya mwili, ndo kwenye mapafu na moyo. Akiondoka subiri nusu saa, kisha fuata damu polepole.

Rangi ya chungwa au pinki ni lazima kwa mwenye bunduki Colorado, inchi za mraba 500 kuanzia kiunoni kwenda juu pamoja na kofia inayoonekana pande zote, na ile ya mabaka ya kijeshi haihesabiki. Kulungu hawaioni rangi hiyo kama tunavyoiona sisi. Idaho hawalazimishi, wewe vaa tu.

Assalaam alaykum. Elki aliyepigwa risasi ni halali kwetu? Nani atapanda mlima na kisu awahi kuchinja?

Waalaykum salaam warahmatullah. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaihesabu risasi kama mshale kwa sababu inatoboa na kumwaga damu, kwahiyo ukitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua na mnyama akafa kwa jeraha hilo ni halali. Ukimkuta bado anapumua, mchinje. Kwenye milima kuna jambo la kuangalia zaidi, hadithi ya Adiy bin Hatim inakataza mnyama uliyemkuta amekufa majini kwa sababu hujui kama umemuua wewe au maji, na wanazuoni wanalitaja hilo pia kwa anayeporomoka toka juu. Sasa elki anapenda kusimama kwenye kingo. Akisimama ukingoni, acha asogee, itakuokoa kwenye dini na itakuokoa kwenye kazi ya kushuka korongoni kumfuata. Kwa mas'ala ya undani muulize sheikh wako, mimi najibu ya milima.

Mama wa watoto wanne, Missoula, Montana: Mume wangu analeta nyama inanuka, na vichwa na matumbo anaacha huko porini anasema Wazungu wanaacha. Mimi roho inaniuma, utumbo unatupwaje? Na nikipika nyama inakuwa ngumu.

Mama, tuanze na harufu, hiyo haitoki porini, inatoka kwenye joto. Elki ana ngozi nene na manyoya ya baridi, akilala vile alivyoanguka hata kukiwa na theluji nyama iliyo karibu na mfupa wa paja inakaa na moto masaa mengi inaanza kuchacha kwa ndani. Mwambie mume wako akishahakikisha amekufa na ameweka tagi aanze kuchuna papo hapo, picha baadaye. Atoe miguu minne, minofu ya mgongo, ile laini ya ndani, nyama ya shingo na mbavu, kila kipande kwenye mfuko wa kitambaa kinachopitisha hewa, kamwe sio plastiki, akining'inize kivulini mbali na matumbo maana dubu watakuja kwenye matumbo kwanza, na Montana kuna grizli, dawa ya kupuliza dubu iwe kiunoni sio kwenye begi.

Na apige hesabu kabla ya kupiga risasi. Dume kubwa likishatolewa mifupa linaweza kuacha nyama ya kilo 90, 100. Mtu mmoja akibeba kilo 25 ni mizigo minne, na kama gari liko kilomita 5 basi ni kilomita 35 za kwenda na kurudi, nusu yake na zaidi ukiwa na mzigo. Mtu peke yake siku ya joto hawezi kuiwahi. Mimi nasema wazi kabisa, kama hujui nyama itatokaje usimpige huyo mnyama, hata akisimama mita mia mbele yako. Kuiacha nyama inayolika iharibike ni kosa kisheria na ni aibu pia.

Sasa kichwa na utumbo, najua naenda kukukera. Kuna ugonjwa wa kulungu unaowakondesha mpaka kufa, uligunduliwa kwanza kwa myuldia waliofungwa Fort Collins, Colorado mwaka 1967, na Montana ulionekana kwa wanyama wa porini 2017. Unaletwa na protini iliyoharibika, moto wa jiko hauiui. Mpaka leo hakuna binadamu aliyethibitika kuupata, lakini wataalamu wa afya wanashauri mnyama wa maeneo hayo apimwe, na akikutwa nao asiliwe. Unakaa zaidi kwenye ubongo, uti wa mgongo, macho, bandama na tezi, na utumbo nao una tezi zake. Kwahiyo supu ya kichwa hapana, ubongo hapana, utumbo usile. Tezi za shingoni zipelekwe kupimwa na nyama ikae kwenye friza na alama mpaka majibu yarudi. Akipatikana mzima, moyo kula, ulimi kula, figo kula. Ini lipasue kwanza, elki wa huko wanaweza kuwa na minyoo ya bapa ya ini, ukiona mashimo yenye uchafu mweusi au minyoo yenyewe litupe.

Ngumu je? Elki hana mafuta ndani ya nyama. Yale meupe ya nje yatoe yote, yakipoa yanaganda kama mshumaa mdomoni na ladha mbaya inatoka huko. Minofu ya mgongo ipike haraka sana kwenye moto mkali na iachie wekundu katikati, ukiizidisha imeisha. Mishikaki iloweke na papai bichi, tangawizi na kitunguu saumu, sio zaidi ya saa moja, papai linakula nyama. Bega, shingo na muundi hivyo ni vya sufuria, masaa matatu na mafuta ya kuongeza, kwenye pilau vinakuwa vitamu kuliko ng'ombe wa dukani. Na kata vipande vya kuganda kwa ukubwa wa chakula cha siku moja, ufungie bila hewa, uandike tarehe na sehemu ya mwili, kwa sababu mwezi wa tatu kwenye friza vyote vinafanana na utakuja kuchoma muundi.